Kisukari kwa mama, presha kwa baba: Vipimo vya damu vya Temeke vinatueleza nini?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KWA muda mrefu imezoeleka miongoni mwa wakazi wa Dar es Salaam kuamini kwamba kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo ni matatizo ya wanaume wenye vitambi, wenye fedha na wanaokwenda kazini kwa magari yao wenyewe. Vipimo vya damu vilivyochukuliwa kwa wakazi wa Temeke, ambavyo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, vilitoa picha iliyo kinyume na imani hiyo.

Katika utafiti huo, ulioongozwa na Marina Njelekela wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) akishirikiana na watafiti wenzake wa hapa nchini na wa Marekani, wanawake walionekana kuwa na uwezekano unaozidi mara tatu ule wa wanaume wa kukutwa na mkusanyiko wa hitilafu ambao wataalamu huuita sindromu ya kimetaboliki. Wakati huohuo, uwezekano wa wanawake hao kuwa na shinikizo la juu la damu ulikuwa takriban nusu ya ule wa wanaume.

Kwa maneno mengine, mume na mke wanaoishi nyumba moja, wanaokula chungu kimoja na kunywa maji ya bomba moja, wanaweza kuwa wanaelekea kwenye hatari ileile ya moyo na kiharusi kwa njia mbili zisizofanana. Swali linalofuata si la wanasayansi peke yao. Ni swali la zahanati ya mtaa, la bajeti ya dawa na la kila familia: nani apimwe, apimwe nini, na kipimo chenyewe kisomwe kwa kigezo gani?

Sindromu hii ni nini?

Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Gerald Reaven, aliwaeleza wataalamu wenzake kwamba sukari kubwa katika damu, shinikizo la damu na mafuta yasiyo na uwiano mara nyingi hukutwa kwa mtu mmoja, na kwamba nyuma yake kuna mwili ulioanza kuwa mgumu kuitikia insulini, yaani homoni inayoingiza sukari katika chembechembe za mwili. Mkusanyiko huo aliuita Sindromu X.

Tangu hapo maana yake imebadilishwa mara kadhaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa maelezo yake mwaka 1998, wataalamu wa Marekani wakatoa ya kwao mwaka 2001, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) likafuata mwaka 2005. Mwaka 2009 mashirika kadhaa, likiwamo IDF, yalikubaliana juu ya maelezo ya pamoja ambayo ndiyo yanayotumika zaidi hadi leo.

Kwa mujibu wa makubaliano hayo, mtu huhesabiwa kuwa na sindromu ya kimetaboliki endapo atakutwa na mambo matatu kati ya matano. La kwanza ni kiuno kipana kupita kiasi. La pili ni shinikizo la damu linalofikia 130 kwa 85 au zaidi. La tatu ni sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofikia milimoli 5.6 kwa lita. La nne ni mafuta ya trigliseraidi yanayofikia milimoli 1.7 kwa lita. La tano ni upungufu wa HDL, ile lehemu ambayo wauguzi wengi huiita lehemu nzuri kwa kuwa huambatana na hatari ndogo ya kuziba kwa mishipa.

Katika orodha hiyo, mambo mawili hayapimwi kwa kigezo kimoja kwa wanaume na wanawake. HDL huhesabiwa kuwa pungufu kwa mwanamume inaposhuka chini ya 1.0, lakini kwa mwanamke inaposhuka chini ya 1.3. Kiuno nacho kina mipaka tofauti: kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, IDF ilishauri itumike mipaka ya Wazungu, yaani sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, hadi hapo takwimu za Kiafrika zitakapopatikana. Msomaji aliweke hilo akilini, kwani ndipo ulipo utata wa suala zima.

Walichokikuta Temeke na Kinondoni

Utafiti wa Temeke ulihusisha watu 209 wenye umri wa miaka 44 hadi 66. Walihojiwa kuhusu maisha yao, wakapimwa uzito na kiuno, kisha wakatolewa damu kwa ajili ya kupima sukari na mafuta. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, unene uliokithiri ulikutwa kwa asilimia 13 ya wanaume na asilimia 35 ya wanawake. Kiribatumbo, yaani mafuta yaliyojikusanya tumboni, kilikutwa kwa asilimia 11 ya wanaume na asilimia 58 ya wanawake.

Damu ilisimulia habari inayoshabihiana na hiyo. Wanawake walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na HDL pungufu na sukari ya juu. Wanaume waliongoza katika shinikizo la damu.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 2011, Grace Shayo na Ferdinand Mugusi, pia wa MUHAS, walichapisha utafiti uliofanyika Kinondoni kati ya Aprili 2007 na Aprili 2008. Wakati huo Kinondoni ilikuwa bado haijamegwa kuizaa Ubungo, na Temeke ilikuwa haijamegwa kuizaa Kigamboni, mgawanyo uliokuja mwaka 2016. Kati ya watu 1,249 waliopimwa Kinondoni, asilimia 19.2 walikuwa na unene uliokithiri. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 24.7, na kwa wanaume asilimia 9.

Idadi ya waliopimwa Kinondoni ina jambo jingine la kuzingatia. Kati yao 814 walikuwa wanawake, karibu theluthi mbili ya wote. Tafiti za aina hii mara nyingi huwapata zaidi wanawake, kwa kuwa wanaume wengi huwa kwenye mihangaiko ya kutafuta riziki. Jambo hilo si la kupuuzwa, kwa sababu mwanamume asiyepatikana na mtafiti ndiye huyohuyo asiyepatikana na muuguzi.

Takwimu za kitaifa zinathibitisha kwamba hali ya Kinondoni na Temeke haikuwa ya kipekee. Utafiti wa hali ya afya ya uzazi na watoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango hicho kilifika asilimia 36.

Je, tofauti hii ni ya kweli?

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Mtu anaposikia kwamba uwezekano wa wanawake umezidi mara tatu, hudhani kwamba kwa kila mwanamume mmoja mwenye tatizo kuna wanawake watatu. Sivyo ilivyo. Watafiti walitumia uwiano wa kitakwimu ambao hukuza tofauti pale tatizo linapokuwa la kawaida. Mfano ni kiribatumbo: ukihesabu vichwa, asilimia 58 ni kama mara tano ya asilimia 11, lakini kwa uwiano ule wanawake walikuwa mara 14.2 ya wanaume. Namba zote mbili ni sahihi, ila hazijibu swali moja.

Utata wa pili ni ule wa mipaka. Chukua mwanamume na mwanamke ambao damu zao zimesoma HDL ya milimoli 1.2 kwa lita. Maabara ni ileile na namba ni ileile, lakini mwanamke ataandikiwa kwamba ana upungufu na mwanamume ataambiwa yuko salama. Wanaotetea utaratibu huo wana hoja: kwa kawaida wanawake huwa na HDL nyingi zaidi, hivyo mwanamke aliyeshuka hadi 1.2 amekwisha kupoteza sehemu ya kinga aliyozaliwa nayo. Hata hivyo, ni lazima ifahamike kwamba sehemu ya tofauti inayotangazwa kati ya jinsia hizi mbili inazaliwa na kalamu ya aliyechora mstari.

Kwa upande wa kiuno jambo hilo ni zito zaidi. Kundi la watafiti lililoongozwa na Kenneth Ekoru lilikusanya takwimu za watu kutoka nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara na kutafuta ni kiuno cha upana gani hasa kinachoashiria hatari. Jibu lilikuwa sentimita 81.2 kwa wanaume na 81.0 kwa wanawake. Kwa wanawake, kipimo hicho kinakaribiana na kile cha Ulaya. Kwa wanaume, kimeshuka kwa karibu sentimita 13.

Maana yake ni kwamba mwanamume wa Tandika au Mwananyamala mwenye kiuno cha sentimita 88 anapita katika ungo wa Ulaya bila kushikwa, ilhali kwa kipimo kilichopatikana Afrika alipaswa kuwekwa kando na kuchunguzwa. Mipaka ya kuazima inaweza kuwa imewaonyesha wanaume wetu kuwa na afya njema kuliko walivyo.

Trigliseraidi nayo ina kasoro yake. Watafiti wamebaini kwamba watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na kiwango cha kawaida cha mafuta hayo hata pale miili yao inapokuwa imekwisha kuwa sugu kwa insulini. Kipimo kinachotoa tahadhari kwa Mzungu kinaweza kukaa kimya kwa Mswahili wa Mbagala, awe mwanamume au mwanamke.

Je, basi tuseme tofauti yote ni ya kwenye makaratasi? Hapana. Kuna vipimo katika orodha ambavyo mpaka wake ni mmoja kwa wote, vikiwamo sukari na shinikizo la damu. Katika vipimo hivyo viwili visivyo na upendeleo, watu wa Temeke waligawanyika waziwazi: sukari ya juu ilielemea kwa wanawake, na shinikizo la juu likaelemea kwa wanaume. Tofauti ipo. Kinachohitaji kusahihishwa ni wazo kwamba jinsia moja ni mgonjwa na nyingine ni nzima.

Unene unaosema na unene usiosema

Katika matokeo ya Temeke kuna jambo ambalo halikuvuma sana, lakini kwa mtazamo wa uchambuzi huu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa wanaume, uzito na upana wa kiuno viliendana na karibu kila kitu kilichopimwa: shinikizo la damu, trigliseraidi, lehemu na sukari. Mwanamume alivyozidi kunenepa ndivyo damu yake ilivyozidi kuharibika. Kwa wanawake, uzito na kiuno viliendana na shinikizo la damu pekee.

Tafsiri yake kwa mtaani ni kwamba kitambi cha mwanamume kinasema. Muuguzi mwenye futi ya fundi cherehani anaweza kukisia hali ya damu yake. Kwa mwanamke, umbo halikutoa siri ya sukari wala ya lehemu. Alikuwepo mnene ambaye damu yake ilikuwa safi, na mwembamba ambaye sukari yake ilikuwa juu.

Wataalamu wa mwili wana maelezo yanayoweza kusaidia. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhifadhi mafuta mengi chini ya ngozi, hasa kwenye nyonga na mapaja, na mafuta ya sehemu hizo hayana madhara makubwa kama yale yanayozunguka ini na utumbo. Homoni ya estrojeni inachangia mpangilio huo na pia inasaidia kuinua HDL. Hedhi inapokoma, estrojeni hushuka, mafuta huhamia tumboni na kinga hupungua. Watu waliopimwa Temeke walikuwa na umri wa miaka 44 hadi 66, yaani rika ambalo mabadiliko hayo ama yanaanza au yamekwisha kupita.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Watu 209 si wengi, na walipimwa mara moja tu. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha hali ilivyokuwa siku ya kupimwa, hauonyeshi kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Mji, kazi na mazoea

Baiolojia haielezi yote. Mwaka 1989 timu ya daktari Donald McLarty, mmoja wa waanzilishi wa huduma za kisukari nchini, iliripoti katika jarida la Lancet kwamba kisukari katika vijiji sita vya Tanzania kilikuwa chini ya asilimia moja. Vipimo vilivyofanywa mwaka 1996 na 1997 vilionyesha kwamba mjini Dar es Salaam kisukari kilikuwa kimefikia asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake, wakati kijijini kilikuwa asilimia 1.7 na 1.1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1, na shinikizo la juu la damu kwa asilimia 25.9.

Ni kipi ambacho mji unakifanya? Kundi la watafiti lililochapisha matokeo yake mwaka 2010 liliwafuatilia watu waliohama kutoka Morogoro Vijijini kuja Dar es Salaam. Katika miezi 12 kila jinsia iliongezeka wastani wa kilo 2.3 hivi. Wanaume waliofanya kazi za kutoa jasho walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5. Wanawake walishuka kutoka asilimia 37.8 hadi 15.6. Kwa maana hiyo mwanamke alianzia chini na akaishia chini zaidi.

Lakini utafiti huohuo ulitoa mambo ambayo hayakutarajiwa. HDL ilipanda kwa wote, na shinikizo la damu lilielekea kushuka. Ulaji wa nyama nyekundu uliongezeka, lakini matunda na mboga navyo viliongezeka. Lehemu kwa jumla ilipanda kwa wanaume tu. Mji, basi, haumharibu mtu kwa mwaka wa kwanza. Madhara, kama yanakuja, huja polepole, kwa miaka ya kukaa, ya kupanda daladala na ya kula chipsi, maandazi na soda pale ambapo kijijini kulikuwa na mihogo na maji.

Mazoea nayo yana nafasi yake. Katika mitaa yetu, mke aliyenenepa baada ya kuolewa huhesabiwa kuwa ametunzwa, na kitambi cha mume ni ushahidi kwamba mambo yake yanakwenda vizuri. Janga la Ukimwi liliongeza uzito wa imani hiyo, kwani kwa miaka mingi kukonda kulitosha kumfanya mtu anong'onwe. Kumwambia mwanamke wa Yombo au Bunju apunguze uzito bila kuzingatia historia hiyo ni kumwambia ajiweke mwenyewe kwenye midomo ya watu.

Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko, anayekaa mbele ya moto hadi jioni na kurudi kuwahudumia watoto, hawezi kuingia kwa urahisi katika vikundi vya jogingi. Anachoka kila siku, lakini si kwa aina ya kazi inayounguza sukari.

Gharama ya kutojua

Athari za hayo zimekwisha kuonekana katika takwimu za vifo. Mradi uliofuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kuanzia mwaka 1992 ulikadiria kwamba, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kila mwaka wanaume 65 na wanawake 88 kwa kila watu 100,000 wa jinsia husika jijini. Uingereza na Wales mwaka 1993 takwimu hizo zilikuwa chini ya 11 kwa wanaume na chini ya 9 kwa wanawake.

Kule Hai na Morogoro makadirio ya wanaume yalizidi ya wanawake. Jijini yaligeuka. Makadirio hayo yana wigo mpana wa makosa, hivyo haifai kuyatumia kama ushahidi wa mwisho kwamba wanawake wa jiji walikufa zaidi. Yanatosha, hata hivyo, kufuta dhana kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wanaume.

Aidha, sukari yenyewe haiwatendei watu sawa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha tafiti 64 zenye zaidi ya watu 850,000 duniani, ulibaini kwamba kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanawake kwa asilimia 44 zaidi ya kinavyoiongeza kwa wanaume. Ikiwa Temeke sukari imeelemea upande wa wanawake, basi imeelemea pale inapoumiza zaidi.

Kwa wanaume hatari ni ya ukimya. Utafiti uliofanywa Ilala na katika kijiji kimoja wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2000, uliwakuta watu wenye shinikizo la juu la damu ambao chini ya asilimia 20 tu walijua kwamba wanalo. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama asilimia 10, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika asilimia moja. Presha haiwashi wala haiumi. Mwanamume asiyekwenda kituo cha afya hadi aanguke hataijua mpaka imfikishe wodini.

Nini kifanyike?

Wapo wataalamu wanaohoji kama sindromu hii ina faida yoyote. Mwaka 2005 vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya vilitoa tamko la pamoja likiuliza iwapo mkusanyiko huo unaeleza hatari yoyote zaidi ya ile ya vipande vyake kimoja kimoja. Baadaye, mwaka 2010, wataalamu walioitwa na WHO walieleza kwamba sindromu hiyo ni wazo la kufundishia kuliko kuwa ugonjwa wa kuandikia mgonjwa kwenye kadi.

Kwa nchi yenye uwezo mdogo kama yetu, hoja hiyo ina mashiko. Kupima trigliseraidi na HDL kunahitaji maabara, kemikali na fundi. Kupima sukari kunahitaji tone la damu na kijiti. Kupima presha kunahitaji mashine na mtu anayejua kuitumia. Kupima kiuno kunahitaji futi. Vipimo vitatu vya mwisho vinaweza kufanyika katika zahanati ya mtaa, na ushahidi wa Temeke unaonyesha kwamba sukari na presha ndivyo vinavyotenganisha hatari za mama na za baba bila kutegemea mipaka ya kuazima.

Jambo la kwanza, basi, ni kuacha kumtazama mwanamke kwa macho na kudhani umempima. Mwanamke aliyefikisha miaka 40 apimwe sukari hata kama ni mwembamba. Kliniki ya mama wajawazito, ambayo wanawake wengi wa jiji hufika, ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Uchambuzi uliochapishwa na Lancet mwaka 2009 ulionyesha kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa angalau mara saba wa kupata kisukari cha kudumu baadaye. Jina la mama huyo lisipotee pindi mtoto anapomaliza chanjo.

La pili ni kumfuata mwanamume alipo. Vijiwe vya bodaboda, stendi za daladala, masoko ya Tandika na Tegeta, misikiti na makanisa ni mahali ambapo mashine ya presha inaweza kufika kwa gharama ndogo. Na kwa kuwa kiuno cha mwanamume kinasema ukweli wa damu yake, futi moja inaweza kufanya kazi kubwa, ili mradi isisubiri hadi sentimita 94.

La tatu ni mipaka yetu wenyewe. Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kinga na Udhibiti wa Magonjwa Yasiyo ya Kuambukiza mwaka 2019. Ndani ya mpango kama huo ndimo mahali pa kuamua ni kiuno gani, HDL gani na sukari gani vitumike kwa Mtanzania, kwa kupima Watanzania. Watafiti tunao, na MUHAS iko Upanga, umbali wa safari moja ya daladala kutoka Temeke na Kinondoni.

La nne ni fedha. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima inayomlipia mtu kitanda baada ya kiharusi, lakini isimlipie kipimo cha sukari kabla yake, itakuwa inanunua jeneza kwa bei ya dawa. Wabunge na watendaji wanapaswa kuulizwa swali hilo kila linapokuja suala la kitita cha huduma: je, mama wa Mbagala asiye na dalili yoyote atapimwa kwa bima hiyo, au atasubiri augue?

Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728. Wengi wao wanaishi nje ya katikati ya jiji, katika mitaa ambayo zamani ilikuwa mashamba ya mikorosho na minazi. Waliokuwa na miaka 44 wakati wa utafiti wa Temeke sasa wamevuka 60, na watoto wao ndio wanaoingia katika umri ule. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulionekana katika damu tangu mwaka 2009, na ulionekana pande mbili za nyumba: upande wa mama na upande wa baba. Ukizibwa upande mmoja tu, nyumba haitasimama.